"Shukeni Hapa, Gari Inageuka"

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Kirinyaga

Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya usalama wa barabarani mjini Nairobi. Najua wengine wenu mnajiuliza, mambo ya Nairobi yanatuhusu nini sisi watu wa mpunga na kahawa? Hebu nyosheni mikono: ni kikundi gani hapa ambacho hakijatuma mtu River Road tangu mwaka jana? Mnaona, hakuna mkono hata mmoja. Pampu ikiharibika, River Road. Sufuria kubwa za kukodisha wakati wa harusi, River Road. Kila kikundi kina mtu wake anayevuka barabara ile akiwa amebeba pesa za wenzake.

Nitaanza na yaliyotupata sisi.

Mwaka jana kikundi chetu kilitutuma watu wawili, mimi na mweka hazina, tukanunue vipuri vya pampu. Yeye alikuwa na shilingi 18,000, amezifunga kwenye leso kiunoni. Vipuri vya namna hiyo viko Kirinyaga Road, ile iliyokuwa ikiitwa Grogan Road zamani za wakoloni, na ukitoka steji yetu ya Tea Room pale Accra Road ni lazima uvuke River Road. Njia hiyo tunaijua vizuri. Lakini siku hiyo hatukufika steji. Magari yalikuwa yamesimama tangu Ngara, na tulipokaribia River Road makanga aligonga bodi ya matatu akasema, "Shukeni hapa, gari inageuka."

Sasa sikilizeni. Hakuna aliyesema hapana. Tulikuwa watu kumi na wanne, wote tumelipa nauli hadi steji, na wa kwanza kusimama nilikuwa mimi. Niliona nitaokoa dakika kumi. Gari lilikuwa katikati ya barabara, halikusogea kando. Mimi nilishuka salama. Mwenzangu alipoweka mguu chini, pikipiki iliyokuwa ikipenya kati ya matatu na ukingo wa barabara ikamgonga. Mguu ukavunjika mahali pawili. Pikipiki ikaenda zake. Matatu nayo ikageuka, kama ilivyoahidi.

Zile pesa za pampu zilikwenda hospitalini, na nyingine tukachanga. Miezi mitatu tukateka maji mtoni kwa ndoo, na maneno yakaanza. Wengine walisema mweka hazina alipe, ajali ni yake. Wengine wakasema alikuwa kwenye kazi yetu, sisi ndio tuliomtuma. Kulikuwa na mkutano mmoja ambao nilidhani kikundi kitavunjika siku hiyo hiyo. Nilitaka kusimama niseme ni nani aliyekuwa wa kwanza kushuka, nikashindwa. Nilisema mkutano uliofuata.

Tungeweza kudai fidia? Ndiyo, na hapa ndipo ujinga wetu ulipotugharimu zaidi. Sheria ya Kenya inataka kila gari, hata pikipiki, iwe na bima ya kuwalipa watu wengine inaowaumiza. Lakini ni lazima ujue ni gari gani. Hatukuandika nambari ya matatu, wala ya pikipiki. Ukipata ajali, andika nambari ya gari kabla ya kitu kingine chochote, hata kwa kidole vumbini. Ripoti kituo cha polisi ukapewe nambari ya OB, kisha baadaye uombe ile karatasi yao inayoitwa abstrakti. Tunza risiti zote za hospitali. Kesi ya kudai fidia kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, usikae nyumbani ukingoja. Na jihadhari na wale vijana wanaokuja kitandani hospitalini na fomu wakisema wametumwa na wakili. Usitie sahihi kitu usichokisoma. Tena mjue kwamba korti hugawa lawama. Ikionekana nawe ulivuka ovyo, fidia yako inapunguzwa.

Mtu ataniuliza, polisi walikuwa wapi? Swali ni zuri. Wengine wenu mnakumbuka sheria za Michuki. Marehemu John Michuki alikuwa Waziri wa Uchukuzi, na tarehe 1 Februari 2004 kanuni zake zikaanza kazi: mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni mwa gari, sare kwa dereva na kondakta, abiria 14 na si zaidi. Siku za kwanza matatu nyingi hazikuwa barabarani, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, nauli ikapanda. Lakini mtu aliyezoea kukaliwa mapajani alikaa kwenye kiti chake mwenyewe. Abiria walikuwa wakali wakati huo. Makanga akijaribu kuongeza mtu wa kumi na tano, gari zima linapiga kelele. Halafu tukachoka. Jioni mvua inanyesha, gari limejaa, wewe mwenyewe ndiye unayesihi, "Nibebe tu, nitasimama." Polisi wengine walirudi kwenye kitu kidogo, hilo kila mtu analijua na sitalificha. Lakini polisi hayumo ndani ya gari. Aliyemo ndani ni wewe.

Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliona jambo hilo. Dereva anayeshusha watu mahali pasipo steji aliwekewa faini ya shilingi 1,000. Na abiria anayeshuka hapo? Shilingi 1,000 hiyo hiyo. Niliposomewa nilikasirika, nikasema wanamwonea mnyonge. Siku hizi sikasiriki sana.

Sasa kuvuka. Kwa hesabu za NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani, tangu 2021 watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa barabarani nchini kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni waenda kwa miguu. Sisi wa kijijini tuna hatari yetu ya pekee. Huku kwetu gari likija linapiga honi na wewe unasogea. Mjini dereva hana habari nawe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo mjini, hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja, yaani kama kutoka mlango ule hadi hapa niliposimama. Na sekunde hiyo moja dereva anaipoteza kabla mguu wake haujafika kwenye breki.

Ile zebra mnaifahamu, milia myeupe. Sheria inamtaka dereva ampishe mtu aliyeko pale. Mahali pengi milia imefifia, na hata ikionekana usiingie mpaka uone magurudumu yamesimama. Gari la kwanza likisimama, chungulia kama kuna la pili linalipita ubavuni, maana hilo ndilo linaloua. Tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa sababu magari yetu hufuata upande wa kushoto. Kwenye barabara ya upande mmoja tazama pande zote vilevile. Bodaboda hawajui upande mmoja.

Taa nazo zina mambo. Utaona taa ya magari ni nyekundu na askari wa trafiki anawapungia wapite. Kisheria mkono wa askari unashinda taa. Basi ukifika makutano tafuta kwanza kama kuna askari, ndipo utazame taa.

Luthuli Avenue, inayokutana na River Road, ilitengenezwa upya mwaka 2019. Ikafanywa ya upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa, na ukipita unaona tofauti. Ukiingia River Road yenyewe, kuna mikokoteni, wachuuzi, magari yamepanda njia ya miguu, na wewe unateremka barabarani na gunia lako. Tangu 2012 sheria inasema anayeendesha gari juu ya njia ya miguu anaweza kutozwa hadi shilingi 30,000 kwa kosa la kwanza. Sheria nzuri. Naisubiri ifike River Road.

Na Thika Road, njia yetu sote, ilifunguliwa 2012 ikiwa na magari yanayokimbia kuliko tulivyozoea. Madaraja ya kupita juu yapo, mengine yaliongezwa baadaye. Yako mbali, ndiyo, na mama mwenye mzigo ana haki ya kulalamika. Lakini watu wamekamatwa wakivuka chini yake, na hao ndio waliobahatika.

Kikundi chetu kimeandika haya kwenye daftari la mkutano. Hatumtumi mtu peke yake. Pesa hazifungwi kwenye leso, tunalipa dukani kwa M-Pesa. Tukipanda gari mmoja wetu anaandika nambari yake. Na makanga akisema tushuke katikati ya barabara, tunajibu pamoja, "Tulilipa hadi steji." Tumejaribu mara moja, mwezi wa tatu. Makanga alitutukana, na abiria mmoja akasema sisi washamba tunachelewesha watu. Dereva hakutufikisha steji. Lakini alisogea kando kabisa, akangoja mpaka wa mwisho akashuka.

Suala la nani alipe aliyeumia kwenye kazi ya kikundi bado hatujalimaliza. Tumeanza kuweka shilingi 50 kila mmoja kwa mwezi, na wengine wanasema ni nyingi. Ningependa kusikia ninyi mnafanyaje. Mweka hazina wetu mwenyewe yuko hapa, amekaa kule karibu na mlango kwa sababu ya mguu. Wakati wa chai mwulizeni, yeye hueleza vizuri kuniliko.