Macho Yaliyofumbwa Njiani
(Dominika ya Tatu ya Pasaka, Mwaka A)



Ndugu wapenzi wasikilizaji, Injili ya Dominika hii yatupeleka barabarani. Mtakatifu Luka, katika sura yake ya 24, atusimulia habari za wanafunzi wawili waliotoka Yerusalemu wakielekea kijiji cha Emau, mwendo upatao kilometa 11. Mmoja wao aitwa Kleopa. Wa pili hakutajwa jina. Bwana Mfufuka akaungana nao, akaenda nao mguu kwa mguu, akawauliza habari zao, nao wakamjibu kama wamjibuvyo mgeni. Safari ya miguu ya saa mbili na zaidi, na hawakumtambua.

Nimeihubiri Injili hii mara nyingi, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiwashangaa watu wale. Yawezekanaje mtu atembee na Bwana wake bega kwa bega asimjue? Siku hizi siwashangai tena, na sababu yake ni safari moja niliyoifanya kwa basi kutoka Dodoma kwenda Morogoro.

Nilikuwa nimevaa nguo za kawaida, wala hakuna aliyejua kwamba mimi ni padre. Kando yangu alikaa mama mmoja mzee, mtandio wake wa khanga ameuvuta hadi kwenye paji la uso, na kikapu amekipakata. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu." Basi, nikaona nimekwisha timiza wajibu wangu. Nikafungua Injili na daftari, maana Dominika iliyofuata nilitakiwa kuhubiri habari hii hii ya Emau, na mahubiri yalikuwa bado hayajakaa sawa.

Tulipopita Buigiri nikainua kichwa. Wenyeji wa njia ile wajua kwamba pale pana shule ya siku nyingi ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na ndugu zetu Waanglikana mwaka 1950. Nikajiambia kwamba huo ni mfano mzuri mno kwa mahubiri yangu, nikaandika katika daftari, "Upofu wa moyo ni mbaya kuliko upofu wa macho." Nilifurahiwa sana na sentensi ile.

Yule mama akaniuliza, "Mwanangu, Mbande bado?" Nikamjibu, "Bado mama." Baada ya kitambo akauliza tena, nami nikajibu vile vile, safari hii kwa sauti ya mtu anayekatizwa kazi. Akauliza mara ya tatu. Basi lilikuwa limepunguza mwendo, kondakta anaita jambo fulani mlangoni, redio inapiga muziki. Sikuinua macho. Nikasema, "Bado."

Tukaenda. Nilipokuja kufunga daftari langu, tulikuwa twaingia Kibaigwa, magunia ya mahindi yamepangwa na malori yangojea kupakia. Kondakta akatangaza, "Kibaigwa, Kibaigwa!" Yule mama akashtuka, akanishika mkono. "Kibaigwa? Na Mbande je?" Nikalazimika kumwambia kwamba Mbande tumekwisha iacha nyuma. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kwa upole, bila hasira hata chembe: "Kumbe nawe mwanangu macho yanakusumbua?"

Hapo ndipo nilipomtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Dodoma. Chini ya mtandio, jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, na la pili lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Alikuwa anatoka hospitali, alikofanyiwa upasuaji mdogo wa kope. Jirani mmoja alimpandisha basi, na mjukuu wake alikuwa akimngojea Mbande ili wapande pamoja gari la Kongwa. Vibao vya barabarani hakuweza kuvisoma. Alitegemea macho ya mtu aliyeketi karibu naye.

Niseme kidogo juu ya ugonjwa ule, kwa kuwa makatekista wengi mnaonisikiliza mwaishi nao. Watu wauita vikope. Ni maambukizo yanayopita kutoka mtoto hadi mtoto kwa vidole, kwa nguo za kufutia uso na kwa inzi wanaotua kwenye tongotongo. Mtu akiambukizwa tena na tena tangu utoto, ukope hupata makovu na kujikunja, nywele zake zikawa zakwaruza mboni kila anapopepesa, hadi nuru izimike. Kina mama huupata zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaowabeba watoto na kuwafuta nyuso. Wilaya ya Kongwa imeteswa nao sana, na utafiti wa vijiji vyake uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto waliodumu kuwa na nyuso safi walipungukiwa na vikope vikali. Maji kidogo, na mtu wa kukumbusha! Msione haya kulisema jambo hili baada ya mafundisho ya Komunyo ya kwanza, hasa mahali ambapo maji hupatikana kwa shida na uso wa mtoto huwa wa mwisho kukumbukwa.

Yule mama, basi, huenda aliupata ugonjwa wake kwa kulea. Nami nilikuwa ninaandika juu ya upofu wa moyo, kiwiko changu kikimgusa.

Nikashuka naye Kibaigwa. Nisisifiwe kwa hilo. Aibu ndiyo iliyonishusha. Basi la Morogoro likaondoka na begi langu, tukapanda gari dogo la kurudi, amenishika mkono kama mtoto anavyomshika mzazi. Mbande tukamkuta mjukuu, kijana wa miaka 12 hivi, amekaa chini ya mti, anakaribia kulia, maana alikuwa amechungulia mabasi yote yaliyotoka Dodoma mchana ule.

Gari la Kongwa lilikuwa bado. Tukakaa. Mama akafungua kikapu, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, akatugawia, kimoja kila mtu, kikubwa akanipa mimi. Nikataka kukataa, nikashindwa. Tukiwa twala akaniuliza ni kitabu gani nilichokuwa nikikisoma hata nisisikie dunia. Nikamwambia ni Injili. Akasema, "Basi nisomee na mimi, macho yangu si unayaona."

Nikamsomea yote, tangu Yerusalemu hadi mezani. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akafikiri, kisha akauliza, "Huyo mmoja umesema ni Kleopa. Na mwenzake je? Hawakumwuliza jina?"

Nikabaki na kiazi mkononi. Tulikuwa pamoja tangu asubuhi, na mimi nilikuwa sijamwuliza lake.

Nikamwuliza. Akanitajia, na la mjukuu wake, na la marehemu mumewe, na alikuwa ameanza kunieleza habari za binti yake anayeishi Mpwapwa, gari la Kongwa likatokea.