Chupa Usiitupe, na Kifuniko Ukikaze

Mama mpendwa, nawe mlezi uliye Kimuka na pande zote za Kajiado, leo tuzungumze juu ya ile chupa ya soda iliyo chini ya meza, yenye mafuta ya taa au mafuta ya kuchanganyia rangi.

Mtoto akiinywa, usimtapishe. Wala usimlazimishe maziwa, ingawa wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kuwa maziwa huua sumu. Mafuta ya taa yakirudi juu na matapishi huingia mapafuni, na huko ndiko yanakodhuru zaidi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, kisha ushike njia ya Ngong upesi. Hata akionekana mzima, mpeleke. Kikohozi na kuhema mbiombio huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Chupa nayo ibebe, ikiwa imefungwa kabisa. Vitu hivi hupaa. Harufu unayoisikia ni kitu chenyewe kinachotoroka, na mtaalamu wa maabara hutegemea tabia hiyohiyo. Hutia damu au kinywaji kidogo katika kichupa chenye kizibo cha mpira, akakipasha moto kiasi. Mvuke hukusanyika juu, kama unavyofunua sufuria ya chai ukaijua tangawizi kabla hujaonja. Sindano hutoboa mpira, ikavuta mvuke peke yake, damu ikabaki chini. Mashine huutenganisha, kila kemikali ikitoka kwa wakati wake. Chupa ikikaa wazi njia nzima, kipimo kitasoma pungufu.

Hivyo ndivyo methanoli inavyotambuliwa ndani ya pombe, maana kwa macho na pua hutaijua. Iliua watu wengi Nairobi mwaka 2000, na tena Mei 2014 huko Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko, wengine walipofuka. Kwa hiyo baba wa watoto akiamka akisema haoni vizuri, usimwache alale eti pombe imtoke. Hospitali, pamoja na chupa.

Mashine hiyo haiko katika kila hospitali. Huenda sampuli ikapelekwa kwa Mkemia wa Serikali, Nairobi. Daktari hangoji majibu hayo ndipo aanze matibabu. Hufuata dalili, na maneno yako: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi.