Jogoo Asipowika: Tulizungumze kwa Daktari
(Maneno ya mwanachama mmoja, tabibu mstaafu, katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika Zuzu, Dodoma)



Kamati ilinipa mada ya afya kwa jumla. Nimeona heri niseme lile tunaloulizana pembeni baada ya glasi ya pili ya mvinyo wa zabibu: upungufu wa nguvu za kiume. Mashemeji msiondoke. Ninyi ndio wa kwanza kujua, na mara nyingi mnadhani mmechokwa.

Uume husimama kwa kujaa damu. Mishipa inayopeleka damu hiyo ni myembamba kuliko ile ya moyo. Kwa hiyo sukari, presha au sigara zikianza kuharibu mishipa, mara nyingi dalili huonekana huko kwanza, pengine miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Basi mzee anayesema amerogwa huenda anaonywa juu ya moyo wake. Apimwe presha na sukari.

Wasiwasi, madeni na pombe navyo vimo. Daktari atakuuliza kama alfajiri huamka umesimama. Usimcheke, ukijibu ndiyo, huenda mishipa ni mizima na shida iko katika fikra.

Baadhi ya vidonge vya presha pia hupunguza nguvu. Hapa ndipo ninapoogopa, maana wapo wanaoviacha kimya kimya, mke asijue, hata siku wanapoanguka kwa kiharusi. Rudi kwa aliyekuandikia umweleze. Vidonge vya presha viko vya aina nyingi, atakubadilishia.

Sasa hizo poda za stendi, vumbi la Kongo na wenzake. Sizitukani dawa za miti shamba. Nalaumu kumeza usichokijua. Katika nchi mbalimbali dawa za namna hiyo zimepimwa zikakutwa zimetiwa sildenafili, dawa ya hospitali iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998. Ni dawa nzuri kwa aliyepimwa akaandikiwa. Lakini mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akiichanganya nazo, presha hushuka ghafla na anaweza kufa. Nyumbani watasema amefia usingizini.

Wengine husema tiba iko India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, ng'ambo ya mji tu kutoka hapa Zuzu, mwaka 2023 ilianza kuwawekea vipandikizi wanaume walioshindikana kwa dawa. Wengi hawafiki huko. Vidonge, kuacha sigara na kutibu sukari huwatosha.

Ukienda, taja dawa zote unazotumia, na za stendi pia. Ukiona haya kutamka mbele ya daktari mwenye umri wa mwanao, liandike kwenye karatasi umpe. Wapo wazee waliofanya hivyo, wakahudumiwa vizuri.

Baada ya chakula nitakaa chini ya ule mbuyu, kwa mwenye swali asilotaka kuliuliza hapa. Aje na shemeji.