Fungu la Mwanamke katika Mikopo ya Serikali: Asilimia ya Nini?

(Maelezo yaliyotolewa kwenye kikao cha Waafrika Mashariki, mtaa wa Malaz, Riyadh)



Nimepewa dakika chache nizungumzie fungu la wanawake katika mikopo ya serikali huko nyumbani. Huenda mtu akauliza, sisi wa Malaz na wenzetu wa Jeddah linatuhusu nini? Linatuhusu sana. Dada zetu wengi wako huku kwa mkataba wa miaka 2. Mkataba ukiisha wanarudi, na biashara ndiyo tegemeo la wengi wao. Mtaji watautoa wapi?

Nianze na Tanzania Bara. Kwa miaka mingi halmashauri ziliagizwa zitenge asilimia 5 ya mapato yao kwa wanawake na 5 kwa vijana. Lilikuwa ni agizo tu, mwenye kutaka akatoa na asiyetaka akanyamaza. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ikarekebishwa, na sasa asilimia 10 ya mapato ya ndani ni lazima itengwe: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo haina riba. Hili ni jambo jema na tuseme hivyo waziwazi.

Lakini asilimia 4 ya nini? Hapo ndipo penye kitendawili. Tufanye hesabu ya mfano. Halmashauri ikiwa na mapato ya ndani ya shilingi bilioni 1, fungu la wanawake ni milioni 40. Vigawie vikundi 10 vya watu watano watano, kila mwanamke anapata 800,000. Jiji lenye bilioni 50 litakuwa na bilioni 2 za wanawake. Maana yake ni kuwa penye umasikini zaidi ndipo penye fungu dogo zaidi. Asilimia ni ile ile, haki si ile ile. Kwa maoni yangu Hazina ingepaswa kuziongezea halmashauri masikini, la sivyo tunamlisha aliyekwisha kula.

La pili ni uvujaji. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali zimeonesha mara kwa mara vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa. Mwezi Aprili 2023 serikali ikaisimamisha mikopo yote ili kupanga utaratibu mpya, ikarejeshwa mwaka 2024, na halmashauri 10 zikateuliwa kujaribu kutoa kupitia benki. Kusafisha ni sawa. Lakini katika muda wote huo, mama lishe na muuza mboga aliyekuwa akilipa deni lake kwa uaminifu alikopa wapi? Aliachiwa upatu na VIKOBA, na vikimshinda, wale wakopeshaji wa "kausha damu" wanaobeba hata godoro. Aliyeiba ni mwingine, aliyefungiwa mlango ni mwingine.

Tusidhani pia kuwa jina peke yake linatosha. Benki ya Wanawake Tanzania ilifunguliwa mwaka 2009 kwa matumaini makubwa. Mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta, na ukawa mwisho wake.

Tuwatazame majirani. Kenya ilianzisha Mfuko wa Biashara wa Wanawake mwaka 2007, ukafuata Mfuko wa Uwezo, kisha Novemba 2022 Hustler Fund, ambao mtu mmoja hukopa kwa simu yake bila kikundi. Zaidi ya hayo, Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa pamoja. Uganda nayo, katika mpango wake wa maendeleo ya parishi ulioanza 2022, imewawekea wanawake asilimia 30. Somo la Kenya ni la zabuni, kwani mkopo bila soko ni deni tu. Hata Saudia hii tunayoishi, ni mwaka 2018 tu ilipomruhusu mwanamke kufungua biashara bila idhini ya mlezi wake. Mambo hubadilika wenyewe wakiyadai.

Sasa sisi tufanye nini? Mosi, dada anatuma riyali, kiwanja kinanunuliwa, hati inaandikwa jina la kaka au mume. Akirudi, benki inamuuliza dhamana hana. Sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Pesa ikiwa yake, na hati iwe yake. Akina kaka, hili linatuhusu sisi.

Pili, mikopo ya halmashauri hupewa kikundi kilichosajiliwa. Anayerudi baada ya miaka 4 hana kikundi. Aanze kuzungumza na wenzake wa kata yake, na afisa maendeleo ya jamii, kabla hajapanda ndege.

Tatu, kila mmoja wetu amwulize diwani wa kwao: mwaka huu zimetengwa ngapi, zimetoka ngapi, kwa nani? Na fungu la vijana na la wenye ulemavu nalo lina wanawake ndani yake, asilimia 4 isigeuzwe kuwa dari.

Nne, tunaokopa tulipe. Dawa ya deni ni kulipa, na kila deni lisilolipwa ni mtaji wa mwanamke mwingine uliozuiwa.

Maswali na mchango wenu, hasa wa akina mama, nayakaribisha. Wabillahi tawfiq.