Ibn Bassal, Mtunza Bustani wa Tulaytula



Katika karne ya 11 ya miladi, zama za Andalusi, aliondokea mtu katika mji wa Tulaytula, uitwao leo Toledo katika nchi ya Hispania. Jina lake Ibn Bassal, na kazi yake ilikuwa miti na mboga. Alimtumikia al-Ma'mun, mfalme wa mji ule, katika bustani yake.

Waandishi wengi wa kilimo wa siku zile walikusanya maneno ya Wayunani na Warumi. Na wamo, bila shaka, walioandika habari za jembe na viganja vyao laini. Ibn Bassal hakushika njia hiyo. Aliandika yale aliyoyajaribu kwa mkono wake, ili mwenye shamba aweze kuyafuata. Aliugawa udongo mafungu kumi, akaeleza tabia ya kila mmoja na mimea iupendayo. Alieleza samadi, ya njiwa na ya wanyama, hata majivu ya hamamu, na kila moja itumike vipi. Alifundisha kuchimba visima, na kulipachika chipukizi la mti huu katika shina la mti mwingine hata vikawa kitu kimoja. Naye alipokwenda kuhiji Makka, akipitia Sikilia na Misri, alitazama jinsi watu wa huko walimavyo pamba, akayatia kitabuni.

Kisha yakafika yaliyofika. Mwaka 1085 Tulaytula ilitwaliwa na Alfonso VI, mfalme wa Kastilia. Bustani haibebeki begani. Ibn Bassal alihamia Ishbilia, kwa mfalme al-Mu'tamid, akaanza tena kupanda, hali umri umeshakwenda. Huko al-Tighnari wa Gharnata alikutana naye akajifunza kwake. Na baada ya miaka kama mia, Ibn al-Awwam wa Ishbilia alinakili maneno yake mahali pengi.

Hata watu wa Kastilia, waliouchukua mji wake, walikifasiri kitabu chake kwa lugha yao, wapate kulima. Asili yake kamili imepotea. Kilichobaki ni muhtasari wa milango 16, uliopigwa chapa Tetuan, katika Maghribi, mwaka 1955.