Karatasi ya Damu na Tezi ya Shingo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira)



Leo hatusemi habari za mishahara wala mkataba, lakini jambo tulilo nalo linaigusa mishahara na mkataba pia. Ni habari za tezi ya shingo, na ile karatasi ya damu ambayo wenzetu hurudi nayo kutoka hospitali bila kujua inasema nini. Sisi si madaktari. Tunaeleza kwa lugha ya kazini, ili mtu akienda kwa daktari ajue la kuuliza.

Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Mwenzetu aliyekuwa akijaza kikapu mapema akianza kubaki nyuma, akaona baridi hata jua la saa sita, akasahau alichotumwa, watu husema: amekuwa mvivu, amezeeka, amerogwa. Pengine si hayo hata moja. Pengine tezi yake imelegea.

Tezi hiyo iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, mfano wa kipepeo aliyekunjua mbawa. Kazi yake ni kutoa homoni zinazopanga mwendo wa mwili: moyo upige kwa kasi gani, chakula kitumike upesi au polepole, mwili uwe na joto kiasi gani. Kuzitengeneza homoni hizo kwahitaji iodini. Katika nchi za milima yenye mvua nyingi kama yetu, maji huosha iodini kutoka udongoni, na chakula kinachoota hapo hupungukiwa nayo. Tezi ikikosa iodini hujitanua, na huo uvimbe ndio rovu. Ndiyo sababu zamani marovu yalionekana sana milimani. Mwaka 1978 sheria ya Kenya iliagiza chumvi ya kula itiwe iodini. Basi tununue chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina iodini, tuifunike vizuri, tuiweke mbali na moto na unyevu.

Lakini chumvi haikumaliza ugonjwa wote. Mara nyingine kinga ya mwili huigeuka tezi yake yenyewe, ikaidhoofisha au ikaichochea kupita kiasi. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na wengine huanza baada ya kujifungua.

Sasa tuisome karatasi. Mara nyingi ina mistari miwili au mitatu: T.S.H., T4, na pengine T3. T4 na T3 ni homoni za tezi yenyewe. T.S.H. haitoki shingoni, hutoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tuifananishe na sauti ya nyapara. Kazi ikilala, nyapara hupaza sauti. Kazi ikizidi, hunyamaza.

Kwa hiyo:

1. T.S.H. ikiwa juu na T4 chini, tezi imelegea. Hapa wengi hukosea. Wanaona neno "juu" wakadhani tezi inafanya kazi mno, kumbe ni nyapara anayepiga kelele kwa sababu kazi haiendi.

2. T.S.H. ikiwa chini na T4 au T3 juu, tezi inakwenda mbio kupita kiasi.

3. T.S.H. ikiwa juu kidogo na T4 ya kawaida, tezi huenda inaanza kuchoka, au ni ugonjwa mwingine uliovuruga kipimo kwa muda. Mara nyingi daktari hupima tena baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kukata shauri.

4. T.S.H. na T4 zote zikiwa chini, mwulize daktari upesi, kwa maana huenda shida iko kwa nyapara mwenyewe.

Kwa watu wazima, maabara nyingi huhesabu T.S.H. ya kati ya 0.4 na 4.0 kuwa ya kawaida, lakini kila maabara huandika mpaka wake kando ya jibu. Tazama huo. Mama mjamzito ana mipaka yake mbali. Naye asichelewe, kwani mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama.

Dalili za tezi iliyolegea ni uchovu, baridi, kuongezeka uzito, choo kigumu, ngozi kavu, nywele kukatika, sauti nzito, hedhi nyingi, na huzuni. Dalili za tezi inayokimbia ni moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka, kukosa usingizi, na kukonda ingawa mtu anakula; wengine macho huwatoka. Lakini uchovu una sababu nyingi, kama malaria na upungufu wa damu. Kwa hiyo tupimwe, tusikisie.

Dawa ya tezi iliyolegea ni levothairoksini. Humezwa kwa maji matupu asubuhi, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai na chakula. Vidonge vya kuongeza damu vikae mbali nayo saa nne. Damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Usiache dawa kwa kuwa umepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa. Na anayemeza kabimazoli kwa tezi inayokimbia, akishikwa na homa na koo kuuma, asimeze kidonge kingine, aende hospitali siku ile ile apimwe damu.

Neno la mwisho ni la haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, kila miezi kumi na miwili, akileta cheti cha daktari. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utendaji mbaya au udhaifu wa mwili, mwajiri lazima amweleze sababu na kumsikiliza, naye anaweza kuwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama.

Basi mwenzako akibaki nyuma kwenye mstari, usimcheke. Mwulize hali yake, mpeleke akapimwe. Akiitwa ofisini, asiende peke yake. Aende na cheti chake, na mjumbe wetu akiwa kando yake.