Baiskeli Inayojulikana Haipotei Bure

Hotuba ya ofisa uhusiano wa polisi kwa waendesha baiskeli wa Chilinde, Lilongwe, na wenzao waliofika kutoka Dzaleka

Kiswahili changu ni cha Karonga, karibu na mto Songwe, ambako mtoto hukisikia sokoni kabla hajakiona kitabuni. Nikikosea, nisahihisheni bila hofu.

Mara nyingi hupita penye kivuli ambapo mafundi hutandika magunia na kupanga spana zao, nami husikia mnayoyazungumza. Huyu husema fremu nzito ya zamani haina mpinzani, kwa kuwa hubeba gunia la mahindi bila kulalamika. Yule humcheka na kuisifu baiskeli ya gia. Mzee aliyetoka Burundi husimulia vijana wanaoteremka milimani kuelekea Bujumbura na mikungu ya ndizi, kisha hupanda tena wakiwa wamejishikiza nyuma ya malori. Kijana wa Goma humjibu kwa habari za chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ambacho mji wao umekijengea sanamu. Mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika, Pogačar alijadiliwa hapa kana kwamba ni mpangaji wa nyumba ya pili.

Wapo wanaoyaona mazungumzo hayo kuwa ni kupoteza muda. Mimi pia nilidhani hivyo. Leo nimekuja kuwaeleza kilichonibadilisha.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa askari kijana katika mji ambao sitautaja, niliitwa penye kundi la watu. Walikuwa wamemzunguka kijana mmoja mwenye baiskeli nyeusi. Baiskeli ya rangi hiyo hiyo ilikuwa imeibwa wiki iliyotangulia. Kijana alikuwa mgeni, Chichewa chake kilikuwa cha kuokoteza, na kadiri alivyojieleza ndivyo watu walivyozidi kupandwa na hasira. Baadhi walikwisha kuokota mawe. Nami, badala ya kuuliza baiskeli ni ya nani, niliuliza yeye ni wa wapi. Swali hilo likawathibitishia watu kwamba mwizi amepatikana.

Kilichomwokoa hakikuwa sare yangu. Alifika fundi mmoja na waendesha kabaza watatu, wakasema, “Geuzeni baiskeli kwanza.” Fundi alieleza kabla ya kuiangalia: chini ya kiti kuna kipande cha bati nilichokata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, gurudumu la nyuma lina spoku mbili zisizofanana na nyingine, na mwenye baiskeli hii hubishana nami kila Jumamosi kuhusu namna ya kukaza mnyororo. Ikageuzwa. Bati lilikuwapo, spoku zilikuwapo. Mawe yakaanguka chini moja moja, na watu wakatawanyika.

Nilimwomba kijana yule radhi tulipobaki wawili. Sikumwomba mbele ya watu waliomwona akidhalilishwa, na hilo linaniuma hadi leo. Ndugu zangu, habari ambayo mimi sikuwa nayo katika daftari, fundi alikuwa nayo kutokana na ubishi wa Jumamosi. Watu wale walimjua kijana kwa baiskeli yake, na kujulikana huko kulimwokoa.

Ndiyo maana nimeomba wenzetu wa Dzaleka wawepo leo. Kambi ile ya wilaya ya Dowa ilifunguliwa mwaka 1994, ikikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Katika wingi kama huo mtu anaweza kuwa na karatasi zote na bado akakosa jirani wa kumshuhudia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nanyi mnaoishi mipakani mnajua kwamba mgeni na mwenyeji wamekutana juu ya baiskeli tangu zamani. Pale Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana waliwavusha wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha hadi kingine, wakitangaza mpaka hadi mpaka. Humo ndimo lilimozaliwa jina la bodaboda, kabla halijahamia kwenye pikipiki.

Sikuja kuomba wapelelezi. Kijiwe kikigeuzwa kuwa sikio la polisi, mazungumzo yatakufa, na pamoja nayo utakufa ule ulinzi ninaousifu. Ninaomba mambo matatu tu, na yote mnaweza kuyafanya mkiendelea kupiga gumzo.

Kwanza, zijueni baiskeli zenu. Igeuze baiskeli yako utazame chini ya fremu, mahali pedali zinapofungwa. Baiskeli nyingi zina namba iliyogongwa hapo. Iandike katika daftari la nyumbani, na umwombe fundi wako aiandike katika lake. Weka pia alama yako mahali ambapo mwizi hafikirii kupaka rangi. Anayenunua baiskeli iliyokwisha kutumika aandikiane na muuzaji mbele ya mashahidi. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, mara nyingi kuna mtu mahali fulani anatembea kwa miguu akilia.

Pili, onekaneni barabarani. Baadhi yenu huondoka alfajiri na mzigo wa mkaa au mboga, na wengine hurudi usiku mkitoka sokoni. Dereva wa lori katika barabara ya M1 hamwoni mtu mwenye nguo nyeusi juu ya baiskeli isiyo na taa mpaka awe amemkaribia mno. Taa mbele, kiakisi mwanga chekundu nyuma, na breki zinazoshika: hivyo si mapambo. Kuhusu kujishikiza kwenye lori, namheshimu mzee wetu na simulizi zake, lakini namwomba kila anapowasimulia vijana awatajie pia wale ambao hawakurudi. Lori likifunga breki ghafla, aliyeshika nyuma hana pa kwenda.

Tatu, na hili ndilo zito, mkiibiwa njooni kituoni. Najua wapo wanaonyamaza. Mtu huibiwa baiskeli inayolisha watoto wake, naye huhesabu moyoni: nikienda polisi, nitaulizwa habari za baiskeli au habari zangu? Siwezi kuikebehi hofu hiyo, kwa kuwa niliwahi kuwa askari aliyeuliza swali lisilofaa. Masharti ya makazi na mwendo wa wakimbizi yapo kisheria. Si mimi niliyeyatunga, wala sina mamlaka ya kuyafuta hapa. Lakini hakuna sheria inayompa mwizi ruhusa ya kumwibia mgeni. Kama unaogopa kuja peke yako, njoo na fundi wako, njoo na mzee wa mtaa, njoo na yule mnayebishana naye Jumamosi. Na mkimkamata mshukiwa, msimpige. Mwiteni fundi, igeuzeni baiskeli, kisha mtuite sisi. Kumbukeni kwamba kijana yule hakuwa mwizi.

Kwa askari wenzangu waliokaa nyuma nasema machache: tukifika penye kijiwe, tusalimie na tukae. Tuulize tairi ipi inafaa kwa barabara ya vumbi, tusikilize jibu hadi mwisho, ambalo najua ni refu. Mtu ambaye umewahi kucheka naye kuhusu mnyororo uliokatika hutamwita “wewe, simama!” bila kumtazama usoni.

Baiskeli iliyoibwa wiki ile hatukuipata. Mwenye nayo hakuwa ameandika namba yoyote, wala hakuwa na fundi wa kudumu wa kuitambua. Nawaomba, leo kabla ya kuondoka hapa, kila mmoja aigeuze baiskeli yake na kumwonyesha jirani yake alama moja tu.